Tumemwondolea baba baiskeli yake, sasa mwezi wa pili hazungumzi na sisi

Binti wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na habari zenu wa dini zote. Naandika saa hizi za usiku kwa sababu mchana sipati nafasi na usiku wenyewe usingizi hauji, naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni refu.

Baba yangu ana miaka 81. Alikuwa karani bandarini hapa Tanga, enzi zile meli zinatia nanga kule nje na mzigo unashushwa kwa matishari, kazi yake kuhesabu magunia na marobota ya mkonge, na mpaka leo ukimwekea maandazi kwenye sahani lazima ayahesabu ndio ale. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Mie na wanangu wawili tunaishi naye hapa Ngamiani kwenye nyumba yake. Mie mwenyewe nina 53, magoti siku hizi yananilalamikia nikiinuka mswalani, kwa hiyo haya ya uzee nayaongea nikijua nayafuata nyuma.

Sasa, nyie wa Tanga mnajua mtu na baiskeli yake. Ya baba ni Phoenix nyeusi, anayo tangu mie niko shule ya msingi, kiti cha ngozi kimeshonwa na kushonwa tena. Kila siku saa kumi na nusu alfajiri alikuwa anaitoa ukumbini, unasikia ile frii inalia tik tik tik mpaka mlangoni, anakwenda kufungua msikiti kwa sababu ufunguo alikuwa anakaa nao yeye miaka mingi sana. Akitoka huko anapitia Mgandini anarudi na mhogo au samaki, jioni barazani kwenye kahawa. Mie ile tik tik ndio ilikuwa inaniamsha kabla ya adhana.

Mwaka huu kaanguka mara mbili. Mara ya kwanza uani, usiku akienda chooni. Mara ya pili njiani na baiskeli, bodaboda ilitokea ubavuni akaingia mtaroni, hakuvunjika alhamdulillah ila alichubuka mkono mzima na paji la uso. Kaka yetu mkubwa yuko Dar, akapiga simu usiku uleule, hiyo baiskeli iondoke leo. Mie nikakubali maana niliogopa kwa kweli. Kijana wangu akaipeleka Duga kwa baba mdogo wakati baba kalala. Hatukumwambia kitu.

Alfajiri yake saa kumi na nusu nikamsikia ameamka, anatembea taratibu ukumbini, akafika pale baiskeli inapokaa akasimama. Taa hakuwasha. Mie niko kitandani nimebana pumzi, namsikia anapapasa ukuta kwa mkono, anapapasa, anapapasa, kisha akarudi chumbani kwake. Hakuniuliza siku ile na hajaniuliza mpaka leo.

Tangu hapo ufunguo wa msikiti kampa kijana mmoja aurudishe. Anaswali chumbani. Barazani haendi, wazee wenzie wakimuulizia anasema mwambieni nimelala. Ukimsemesha ni "sawa", "nimeshiba", "Mungu anajua". Wiki iliyopita ndio kafungua mdomo, akaniambia "mwanangu, mie sasa ni mzigo, na mzigo unakaa pale ulipotuliwa". Mtu aliyehesabu mizigo maisha yake yote ananiambia hivyo, nilitoka nikaenda kulia jikoni.

Na kuna jingine naliandika kwa aibu. Mkojo. Nimekuta shuka kaifua mwenyewe usiku kaianika nyuma ya nyumba mahali ambapo hatuaniki nguo. Maji hanywi kabisa, chai nusu kikombe. Nilimpeleka hospitali moja, daktari kijana akamuuliza kwa sauti watu wanasikia, "mzee unajikojolea?" Baba akasema hapana, akainuka, tukarudi, na hospitali tena hataki kusikia.

Naomba mnisaidie. Baiskeli nimrudishie au nitamuua baba yangu kwa mikono yangu? Hilo la mkojo namwanzaje mie mtoto wa kike bila kumvunjia heshima? Na kama humu kuna wazee, niambieni ukweli, huko mliko kukoje, maana naona baba yupo mahali na mie sijui njia ya kufika.

---

Mzee wa Reli

Mwanangu, wa aleikum salaam. Mie nina 74, niko hapahapa Tanga, nimekusoma mara mbili na ya pili nilivua miwani nikaifuta.

Umeuliza huku kukoje. Nitakwambia kama ninavyokujua mie, mwingine atakwambia vingine. Uzee hauji siku moja, unakuja unachukua kimoja unaondoka, unarudi unachukua kingine. Ulichukua meno, nikazoea. Ukachukua masikio, mtu anaongea nachekea tu ili nisimwambie rudia mara ya tatu. Ukachukua wenzangu, barazani tulikuwa kumi na moja, leo tupo wanne, na hao wanne mmoja hatoki. Hivyo vinavyochukuliwa na Mungu mtu unavililia kimyakimya na unavikubali kwa sababu unajua hata babu yako vilimkuta. Lakini kitu kikichukuliwa na mtoto wako uliyembeba mgongoni, tena usiku, tena bila neno, hicho hujui ukilie vipi. Ukiuliza "baiskeli yangu iko wapi" umeshakuwa mtoto anayeomba ruhusa. Ndio maana hakuuliza. Alikuwa anajilindia kile kidogo kilichobaki.

Sikulaumu. Mliogopa, na hofu yenu ni ya mapenzi. Ila nenda kaketi naye umwambie nimekukosea baba, tuliiondoa bila kukwambia. Usianze na maelezo ya daktari wala bodaboda. Kosa kwanza. Mzee akiombwa radhi na mwanawe anarudi kuwa baba hapohapo.

Sasa hiyo baiskeli. Mie nilikuwa fundi wa mabehewa reli, hii reli yetu ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893, nimeiona imejaa abiria na nimeiona treni za abiria zikikoma kuja, kituo kikabaki na majani. Nami nilikuwa mtu wa baiskeli. Miaka mitatu nyuma nilipitia tofali nililoliona kabisa, mikono ikachelewa kugeuza. Sikuanguka, lakini siku ile nilijua. Nikaacha kupanda kwa uamuzi wangu mwenyewe, mke wangu alijua baada ya mwezi. Baiskeli lakini sikuiacha. Naikokota. Nakwenda nayo msikitini, sokoni, popote, naikokota. Nikichoka nasimama nashika usukani kama mtu aliyesimama kupiga soga, hakuna anayejua kama nimechoka. Mkongojo wanangu walininunulia, mzuri tu, upo nyuma ya mlango. Mkongojo unamwambia kila mtu barabarani kwamba wewe umekwisha, baiskeli inawaambia huyu anakwenda mahali.

Na usiku. Hilo hamjui nyie vijana. Mzee anaamka saa tisa na hapati tena usingizi, na mawazo yanayokuja saa zile siyo ya mchana. Wengi tunadhaniwa tunaogopa kufa. Mie kufa nimeshakuzoea kukuwaza, sanda yangu ipo kwenye sanduku la bati, hati ya nyumba wanangu wanajua ilipo, nani namdai nani ananidai nimeandika. Ninachoogopa ni ile njia ya kufikia huko, kulazwa, kugeuzwa, kuvuliwa nguo na watoto. Baba yako ameamka saa hizo na shuka mbichi, peke yake, anafua gizani ili binti yake asione. Hebu fikiria nguvu aliyotumia. Huyo hajakata tamaa huyo, anapigania heshima yake kwa mikono yake.

Ukikosa pa kuanzia maongezi muulize Coastal Union walivyochukua ubingwa 1988. Kama alikuwa na macho mwaka ule atakupa timu nzima mpaka wa akiba.

---

Binti wa Ngamiani

Mzee wangu, sina la kusema. Mungu akuweke. Nimesoma jikoni nimesimama.

---

Nesi wa Chuda

Dada yangu pole sana na hongera kwa kumtunza mzee. Kwanza nakuombea radhi kwa yule daktari, mgonjwa haulizwi kitu kama kile watu wanasikia, mie hata wakubwa zangu wakifanya hivyo nawavuta pembeni.

Sasa nisikilize, maana nikisoma ulivyoeleza naona mambo yameshikana kama cheni. Mkojo unamtoka, anaona aibu, anaacha kunywa maji ili usitoke. Mzee kiu yenyewe huwa inapungua kwa umri, mwili unakauka na hasikii kiu. Mwili ukikauka, akisimama ghafla presha inashuka, kizunguzungu, anaanguka. Na usiku anaamka kwenda chooni kwa haraka gizani, anaanguka. Kwa hiyo ukishughulikia mkojo umeshughulikia kuanguka pia.

Kwa mwanaume wa umri ule cha kwanza kufikiria ni tezi dume. Ikivimba inabana njia, kibofu kinajaa hakimaliziki, kinachozidi kinamwagika chenyewe. Siyo uchafu na siyo utoto, ni bomba limebanwa, na zipo dawa, na upasuaji upo kama dawa hazitoshi. Angalizo moja, baadhi ya dawa za tezi dume zenyewe zinashusha presha akisimama, na kama tayari anatumia za presha basi mwambie daktari dawa ZOTE anazokunywa, beba pakiti zote kwenye mfuko. Omba apimwe presha amelala kisha amesimama, vipimo viwili, wengi wanapima amekaa tu na wanaona iko sawa. Nyumbani mfundishe asiruke kitandani, akae ukingoni kidogo, achezeshe miguu, ndio asimame. Maji anywe zaidi asubuhi na mchana, jioni ndio apunguze. Na akianza ghafla kuchanganyikiwa, anataja waliokufa au hajui yuko wapi, usiseme ni uzee, mkimbize, maambukizi ya mkojo kwa wazee yanakuja hivyo.

La macho. Umesema bodaboda ilitokea ubavuni. Muulize taratibu, hakuiona kabisa au aliiona akashindwa kukwepa? Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni, mbele anaona vizuri kwa hiyo hajijui, na kilichopotea hakirudi, kinazuiwa tu kisiendelee. Mtoto wa jicho ni tofauti, huo ukungu unaondolewa kwa upasuaji mdogo anawekewa lenzi na anaona tena. Hapa huwezi kubahatisha, lazima apimwe. Masikio nayo atazamwe, mara nyingine ni nta tu imejaa, ila msimchokoe kwa vijiti.

Na ukimya wake usiuchukulie kawaida. Usingizi hapati, chakula hali, hataki watu, anasema yeye ni mzigo. Wazee wanapata sonona na inatibika kama ugonjwa mwingine wowote. Muulize wazi kama anaona bora asiwepo. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa ruhusa ya kulisema.

Gharama: Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiyejiweza anatakiwa atibiwe bure vituo vya serikali. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa wenu, ulizia kitambulisho cha mzee, na ukifika hospitali tafuta dirisha la wazee au mtu wa ustawi wa jamii. Kama dawa hakuna usiondoke kimya, uliza zinapatikana lini.

Na usimpeleke wewe. Ampeleke mwanaume, kijana wako au rafiki yake. Hilo tu linaweza kubadilisha jibu lake kwa daktari.

---

Fundi Makorora

Mie naomba nipishane na mzee wangu hapo juu kwa heshima zote. Baiskeli usirudishe dada. Babu yangu mzaa mama tulimwonea huruma hivihivi, tukamwachia, akaanguka mbele ya nyumba tu wala haikuwa barabara kubwa, nyonga ikavunjika. Alilala miezi mitano. Nilikuwa namgeuza mie. Mgongo ukaota vidonda ambavyo sitaki kuvielezea humu. Alikuwa ananiomba nimuue, nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sasa heshima gani iliyobaki pale? Atakayekokota leo kesho atapanda, namjua mtu na baiskeli yake, akifika barabara tupu hakuna anayemwona anapanda.

Tafuteni bajaji ya mtu wa mtaani kwenu anayemheshimu mzee, mlipane kwa mwezi, asubuhi na jioni.

Halafu huko kuanguka uani kunanihusu, mie nachomelea vyuma. Choo cha uani mtilie bomba la inchi moja, unalichimbia ukutani na saruji pande zote mbili, kimo cha kiuno chake yeye siyo cha fundi, alishike akichuchumaa na akiinuka. Lingine toka mlango wa chumba mpaka choo, refu, kama la ngazi. Lipakwe rangi nyeupe alione usiku. Na taa iachwe inawaka usiku kucha, bili haitaua mtu. Kizingiti kama kiko juu kivunje. Ukiwa tayari niandikie faragha nitakuja kupima, nitachukua hela ya vyuma tu.

---

Mzee wa Reli

Fundi, mwanangu, pole kwa babu yako. Hukukosea kusema. Mie nitamwambia huyu binti ang'oe pedeli moja kama hamwamini, lakini amng'olee mbele yake na kwa ridhaa yake. Uamuzi uwe wa mwenye baiskeli, hapo tu ndipo nilipo.

---

Ustadhi mdogo

Wa aleikum salaam warahmatullah. Nimevuta pumzi niliposoma habari ya ufunguo. Wazee wa namna hii ndio walioshika misikiti yetu, wengine tumekuja kusomesha tu.

Dada, nahisi mzee hajaacha msikiti kwa sababu ya baiskeli peke yake. Huenda anaona hana twahara, anaogopa kuchafua msikiti, na hawezi kumuuliza mtu. Kwa hiyo mpelekee hukumu hii. Mtu ambaye mkojo unamtoka bila hiari yake muda wote ni mwenye udhuru, wanavyuoni wamemwekea njia tangu zamani. Kwetu Mashafi tunasema hivi: wakati wa swala ukishaingia, anajisafisha, anaweka kitambaa kisafi au pamba anajifunga vizuri, anatawadha, kisha anaswali bila kuchelewesha. Kikimtoka chochote baada ya hapo swala yake ni sahihi. Faradhi ya pili anarudia hivyohivyo, udhu mpya. Na maadamu kajifunga barabara na msikiti hauchafuki, aingie, ni nyumba aliyoifungua miaka yote hiyo. Kama ni matone mara chache tu na yanakatika, basi asubiri yakatike ndio atawadhe, hukumu inakuwa tofauti kidogo, amuulize shekhe wake anayemwamini.

Na kusimama. Imran bin Huswayn alikuwa na maradhi ya bawasiri, Mtume swalallahu aleihi wasallam akamwambia aswali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alalie ubavu. Mwenye udhuru akikaa kwenye faradhi hapungukiwi thawabu. Nawaona wazee wanaona aibu kiti, wanasimama wanatetemeka mpaka mtu nyuma yao anakosa khushui kwa kuwahofia. Kiti kikae mwisho wa safu, na aletewe kabla hajaomba.

Jingine naomba ulifikishe kwa imamu wa hapo kwenu: ufunguo usiachwe hivihivi. Waende wazee wawili wamkalie nyumbani. Wasimpelekee dua ya mgonjwa, wampelekee shauri la msikiti, wamuulize pipa la maji linavuja wafanye nini, kibarua alipwe ngapi. Mtu anayetakwa shauri anajua bado yupo.

---

Mama wa Muheza

Mdogo wangu, mie ni Mkristo, nitaongea na wewe tu, mzee ameshasemewa vizuri.

Nilimuuguza mama yangu miaka minne. Kila mtu aliyekuja aliuliza mama anaendeleaje. Katika miaka minne nadhani watu wawili waliniuliza mimi naendeleaje. Wewe una 53, umeanza maumivu ya magoti, hulali, unalia jikoni. Nakwambia kama dada, utaanguka wewe kabla yake. Nenda na wewe ukapime presha na sukari wiki hii, unanisikia?

Halafu huyo kaka. Simfahamu na simsemi vibaya, ila kwetu pia alikuwepo wa Dar, anatuma hela kwa simu na maagizo juu yake, hatujawahi kumwona amebeba beseni. Hasira niliibeba mpaka msibani na imenichukua muda mrefu kuitua. Mpigie sasa hivi, usimwombe hela, mwombe siku. Aje wiki moja alale chumba kimoja na baba yake. Akiisikia ile kupapasa ukuta mwenyewe hatatoa amri kwa simu tena. Hela nazo mkae mpange kwa kuandika, nani anatoa nini kila mwezi, maana huku bara pensheni ni ya aliyekuwa na ajira rasmi, wenzetu Zanzibar tangu 2016 mzee akifika 70 anapewa pensheni jamii hata kama alikuwa mkulima, walianza na elfu ishirini kwa mwezi, ni ndogo lakini mzee anashika noti yake mwenyewe. Hilo nalo lifikirie, baba yako awe na hela mfukoni hata ya kununulia wenzake kahawa. Mama yangu furaha yake ya mwisho ilikuwa kumpa mjukuu mia mbili.

Mama alipenda ile Zaburi inayosema usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache. Nilidhani anamwambia Mungu. Siku za mwisho ndio nikajua alikuwa ananiambia na mimi. Ningeelewa mapema ningekuwa nakaa naye zaidi badala ya kufua tu.

---

Binti wa Ngamiani

Wapendwa, ni siku ya kumi na moja leo, nilisema sitarudi mpaka niwe na la kuwaambia.

Nilimfuata baba baada ya isha, nikakaa chini kwenye mkeka yeye yuko kitandani. Nikamwambia baba nimekukosea, baiskeli tuliitoa usiku bila kukwambia, nisamehe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikayaacha kama mzee wangu alivyosema. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, "Iko wapi?" Nikasema Duga. Akasema, "Yule mafuta ya cheni anapaka?" Nilicheka na machozi yananitoka, na yeye akanishika kichwa, tangu mama afe hajawahi kunishika kichwa.

Baiskeli imerudi. Cheni ilikuwa imekauka kweli na matairi hayana upepo. Akamtuma mjukuu wake pampu, akakaa uani kwenye kigoda anaifuta spoku mojamoja kwa kitambaa cha mafuta, na najua alikuwa anazihesabu. Nikamwambia habari ya kukokota, nikamwambia kuna mzee mwenzio wa reli ndivyo anavyofanya. Akauliza "wa reli yupi?", nikasema simjui jina. Akasema wa reli wana akili. Pedeli hatukung'oa. Alinipa neno lake na mie nimelichukua, fundi wangu nisamehe kwa hilo, hofu bado ninayo.

Bomba la choo limewekwa, fundi alikuja kweli na akampima kiuno baba, wameongea saa nzima habari za vyuma vya meli.

Hospitali alikwenda na kijana wangu. Maelezo yote ya nesi nilimwandikia kwenye karatasi. Tezi dume ipo, kaanza dawa, na kipimo cha presha cha kusimama kilikuwa chini sana kuliko cha kulala kwa hiyo wamebadilisha na ile ya presha. Macho ana tarehe mwezi ujao. Nilimuuliza lile swali la bodaboda, akasema "sikuiona, mwanangu, ilitoka hewani." Naiogopa hiyo tarehe. Maji anakunywa, kidogokidogo, ila anakunywa.

Ya ustadhi nilimsomea kama habari niliyoikuta, sikusema inamhusu, yeye hakusema inamhusu. Kesho yake akaomba vitambaa vya pamba vya zamani vya mama, akavikata mwenyewe.

Kaka amekasirika. Ameniambia likitokea lolote ni juu yangu. Nikamwambia njoo ulale wiki moja. Amesema ataangalia.

Bado kuna siku anakaa kimya mpaka magharibi, nisiwadanganye. Barazani kaenda mara moja tu. Wazee wa msikiti walikuja juzi, walifunga mlango, sijui waliongea nini.

Leo alfajiri nikaisikia. Tik tik tik ukumbini, taratibu sana, mpaka mlangoni, ikasimama. Nikatoka nikamkuta kashika usukani kwa mkono mmoja, wa pili anatafuta komeo gizani, kijana wangu yuko nyuma yake anasubiri hajamgusa.

Baba akasema, "Washa taa, mwanangu, nitoke."

Nikawasha.